Bima ya bomba la maji la nyumbani huku Marekani: uchukue waranti ya barua, uongeze kwenye bima ya nyumba, au ujiwekee hela mwenyewe?

Kama umenunua nyumba huku Marekani basi ile barua unaijua. Inakuja kwenye bahasha nyeupe, juu kuna nembo ya mji au jina la kampuni ya maji, halafu maandishi mekundu kwamba ujibu kabla ya tarehe fulani, ukifungua ndani wanakwambia bomba linaloleta maji kwako ni jukumu lako, likipasuka utalia mwenyewe, ila kwa dola 6 na senti kadhaa kwa mwezi wao watalibeba. Ya kwanza kuja kwangu nilijua ni bili. Mke wangu alishashika kalamu anataka kujaza namba ya kadi, nikamwambia ngoja kwanza nisome maandishi madogo ya nyuma, na pale ndo nikaona imeandikwa kwa herufi za sisimizi kwamba kampuni hii sio mji na wala sio kampuni ya maji.

Cha kuudhi ni kwamba lile walilosema mbele ni kweli kabisa. Bomba ni langu.

Ngoja nieleze bomba lenyewe maana watu wanachanganya. Barabarani kuna bomba kuu, hilo la mji. Kutoka pale linachomoka bomba jembamba, mara nyingi robo tatu ya inchi au inchi moja, linapita chini ya ardhi hadi ndani kwako. Karibu na ukingo wa barabara kuna koki imefukiwa, juu yake kifuniko kidogo cha chuma ambacho we umekipitia na mashine ya kukatia nyasi mara mia bila kukiona. Sehemu nyingi, kutoka kwenye hiyo koki kuja ndani ni mzigo wako, na kutoka koki kwenda barabarani ni wa mji. Ila usichukulie hivo kila mahali. New York City kwa mfano bomba lote ni lako kuanzia linapochomoka kwenye bomba kuu, yani hata kile kipande kilicho chini ya lami katikati ya barabara wanayopita mabasi, na Philadelphia nako ni hivohivo. Kwa hiyo kabla hujalinganisha chochote piga simu idara ya maji uulize swali moja tu: langu linaanzia wapi? Jibu lake linabadilisha hesabu yote, nitarudi hapo.

Na bima ya kawaida ya nyumba je, si ipo? Ipo, ila hiyo inalipa maji yakipasuka ghafla ndani yakaharibu sakafu na kuta. Bomba lenyewe lililo chini ya udongo likiliwa na kutu, au likabanwa na mizizi ya mti, au likachoka tu kwa uzee, hiyo ya kawaida haigusi. Wengi wanagundua siku fundi ameshachimba shimo.

Sasa machaguo yako ni matatu. Waranti ya ile barua. Nyongeza kwenye bima ya nyumba uliyonayo tayari. Au hulipi mtu, unaweka hela pembeni.

Nianze na waranti maana ndo inayotangazwa sana. Kwanza jua kwamba majimbo mengi hayahesabu hii kama bima, ni mkataba wa huduma, yani kampuni inakuahidi bomba likiharibika inatuma fundi wake na inamlipa yeye. Kuna programu kubwa inayotembea na jina la National League of Cities, ule umoja wa miji ya Marekani, na kazi yenyewe inafanywa na kampuni ya HomeServe, na New York idara ya maji ya mji iliingia mkataba na kampuni ya American Water Resources. Halali kabisa, sio matapeli. Ile nembo ya mji kwenye barua mji umekubali itumike na baadhi ya miji inapata kamisheni kwa kila anayejiunga, kwa hiyo mji kuikubali barua haimaanishi kuna mtu amekaa akapiga hesabu kwa niaba yako.

Uzuri wake: kwa kawaida hakuna didaktibo, yani ile hela ya kwanza unayotoa wewe kabla mwenye bima hajatoa ya kwake. Unapiga simu saa 8 usiku mtu anapokea, na huhangaiki kutafuta fundi wakati maji yanatoka kwenye nyasi na majirani wamesimama wanaangalia. Kwa mtu ambaye hana hata dola 500 za dharura hilo sio jambo dogo, msimcheke anayelipa.

Ubaya wake uko kwenye mkataba. Unasubiri kama siku 30 kabla haijaanza kufanya kazi. Tatizo lililokuwepo kabla ya hapo halilipwi, na ubishi wa kama lilikuwepo au la ni wa kwako na wao. Fundi wanachagua wao. Wanakarabati, sio lazima wabadilishe, kwa hiyo bomba la miaka 60 likitoboka wanaweza kuziba kile kipande cha futi 2 wakaondoka, mwakani linatoboka futi 5 mbele na we unaendelea kulipa. Halafu kitu ambacho watu hawakiulizi kabisa: kurudisha uwanja ulivokuwa. Mikataba mingi inarudisha udongo na kumwaga mbegu za nyasi basi, zege la njia ya gari na ngazi na maua ya mama ni juu yako, au wanatoa kiasi kidogo. Na bei ya mwaka wa kwanza ni ya kukukaribisha, mwaka wa pili angalia kadi yako.

Alafu wanauza vipande vipande. Bomba la maji safi mkataba wake, maji taka mkataba wake, mabomba ya ndani mkataba wake. Barua yangu ilisema 6.49 kwa mwezi ya maji safi na 8.99 ya maji taka. Ukijumlisha zote mbili ni dola 185 na senti 76 kwa mwaka.

Nyongeza kwenye bima ya nyumba ndo hiyo ambayo hakuna anayekutumia barua, sijui kwa nini, labda kwa sababu ni hela ndogo kwao. Nilimpigia ajenti wangu nikamuuliza mna kitu cha mabomba na nyaya zilizofukiwa uwanjani? Akasema ipo, dola 38 kwa mwaka. Kwa mwaka, sio kwa mwezi! Inalipa hadi 10,000, didaktibo 500, na haibagui sana, maji safi, maji taka, bomba la gesi, waya wa umeme uliofukiwa, hata kebo ya intaneti kama iko chini ya ardhi na ni yangu. Kutu imo, uchakavu umo, mizizi imo. Gharama za kuchimba zimo na kurudisha uwanja pia. Kampuni nyingi zinatoa kitu cha namna hii, bei na kiwango vinapishana lakini mara nyingi unakuta 10,000 na didaktibo ya 500, ila sio zote, kuna ajenti atakwambia hatuna.

Ubaya wake nao upo nisidanganye. Fundi unamtafuta mwenyewe, na kama ni Jumapili ya Januari ardhi imeganda utamtafuta kweli. Ya pili, ukidai, ile klemu inaingia kwenye rekodi wanayoiita CLUE ambayo kampuni za bima zinaangalia, na inaweza kukaa hadi miaka 7. Waranti haiingii huko kwa sababu sio klemu ya bima ya nyumba. Kwa hiyo kama mwaka juzi ulishadai paa kwa ajili ya mvua ya mawe, kudai tena bomba la dola 1,800 ili ulipwe 1,300 ni kujitafutia bei mpya ya bima. Hapo waranti inashinda na lazima niseme.

Ya tatu ndo kubwa: nyingi zinalinda kilicho ndani ya eneo lako. Mpaka wa kiwanja ukiisha, nayo imeisha. Sasa rudi kwa yule wa New York ambaye bomba lake linaenda hadi katikati ya barabara. Kuchimba lami, kibali, kupanga magari yapite upande mmoja, kurudisha lami kwa kiwango cha mji, hicho ndo kipande cha gharama kuliko vyote na nyongeza yake inaweza isikifikie. Na kule ukipewa ilani ya kuvuja unapewa siku 3 tu urekebishe la sivyo wanakukatia maji. Mtu wa hivo mi ningemwambia aangalie waranti ya pale vizuri, asome kama inavuka ukingo wa barabara, kama inavuka basi hiyo dola chache kwa mwezi kwake ina akili. Mtu wa kitongojini mwenye koki mwanzo wa nyasi zake, tofauti kabisa.

Twende hesabu kwanza, miaka 15, chukulia bei hazipandi ingawa zitapanda. Waranti zote mbili, maji safi na taka: 2,786. Nyongeza: 570. Kisipoharibika kitu, tofauti ni zaidi ya dola 2,200. Kikiharibika kitu kimoja ndani ya hiyo miaka 15, nyongeza inakuwa 570 jumlisha didaktibo 500, yani 1,070, bado uko chini. Hata ukichukua waranti ya maji safi peke yake ni 1,168, yani umelipia bomba moja hela zaidi ya mwenzako aliyelipia yote na bado akapata hasara. Mi niliifanya hii hesabu nyuma ya bahasha ileile waliyonitumia.

Chaguo la tatu, kujiwekea. Watu wenye nidhamu wanapenda hili na wako sahihi kwa upande wao: mabomba mengi hayaharibiki kabisa miaka unayokaa, na kampuni haiwezi kuuza hii kitu kwa hasara. Bomba la shaba zuri au plastiki ya kisasa la miaka 10, futi 25, udongo laini, hakuna mti mkubwa, mi nisingelipa waranti hata kidogo. Weka zile dola 15 za waranti zote mbili za kila mwezi kwenye akaunti ya akiba, zikikaa zinatosha hata boila ikifa. Shida ni kwamba bomba halisubiri akaunti ijae. Likipasuka mwezi wa nne una dola 60. Kubadilisha bomba zima huwa inaanzia elfu moja na ushee na kwenda elfu kadhaa, inategemea urefu, kina na kilicho juu yake. Huku kwenye baridi kina ni kirefu kwa sababu lazima lipite chini ya pale udongo unapoganda, shemeji yangu yuko Minnesota walimchimbia shimo la futi 7, alinitumia picha fundi amesimama ndani kichwa hakionekani. Na shemeji ndo aliyekuwa ananiambia kila siku bima za mabomba ni za waoga.

Kwa hiyo kujiwekea ni kwa mwenye dola 5,000 ambazo zipo sasa hivi. Sio mwenye mpango wa kuziweka.

Sasa kitu ambacho kinatakiwa kifanyike kabla ya yote na hakina gharama. Shuka bezimenti, yani chumba cha chini ya nyumba, au popote bomba linapoingilia ukutani, kabla ya mita. Beba ufunguo na sumaku ya friji. Futa vumbi, kwaruza bomba kidogo na ufunguo. Likitoa rangi ya ile sarafu ya senti moja hilo ni shaba, tulia. Likiwa laini, mkwaruzo unang'aa kama fedha na sumaku haigandi, hiyo ni risasi, yani yale madini yenye sumu. Sumaku ikiganda ni chuma cha mabati, nacho kimezeeka kwa sababu ni cha zamani na kinaoza kutokea ndani. Plastiki, angalia maandishi pembeni: ukiona herufi PB ni polibutilini, ya kijivu au bluu, waliitumia tangu 1978 hadi 1995 na ikapasuka kwa watu wengi mpaka kukawa na kesi ya fidia ya dola milioni 950, mfuko wake ulishafungwa zamani usijihangaishe.

Ukikuta risasi, simama hapohapo usilipe waranti ya mtu. Waranti na nyongeza zinalipa kitu kilichoharibika, na bomba la risasi linaweza kupitisha maji vizuri bila kuvuja tone huku likiwapa watoto sumu, kwa macho yao halijaharibika. Huo mzigo una njia nyingine. Mabomba ya risasi yalipigwa marufuku 1986. Kampuni za maji zilitakiwa ziwe na orodha ya mabomba ya kila nyumba ifikapo Oktoba 16, 2024, na kuwaandikia wenye risasi au wasiojulikana, halafu mwezi huohuo EPA, shirika la serikali kuu la mazingira, ikatoa kanuni kwamba miji mingi iyaondoe ndani ya miaka 10. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola bilioni 15 kwa kazi hii tu. Newark, New Jersey, walibadilisha mabomba kama 23,000 kwa chini ya miaka 3 bila mwenye nyumba kutoa hela. Sio kila mji uko hivo, Chicago wana kama 400,000 na foleni yake ni ndefu, na kanuni haiulazimishi mji kukulipia upande wako, lakini uliza kwanza kama kuna ruzuku au mkopo. Philadelphia wana mkopo usio na riba kwa mwenye bomba linalovuja. Wakati unasubiri weka chujio lililothibitishwa kuondoa risasi.

Kipimo kingine cha bure: funga maji yote ndani, choo kisijaze, mashine ya kufulia isizunguke, nenda kaangalie mita. Kuna kapembetatu kadogo au kanyota kekundu kwenye uso wake. Kama kanazunguka wakati hakuna anayetumia, maji yanaenda mahali. Kama mita yako iko nje kwenye ukingo, funga koki kuu ya ndani urudie, kakiendelea kuzunguka basi tatizo liko kwenye bomba la uwanjani. Ila kama mita iko bezimenti kipimo hiki hakikusaidii kwa bomba la nje, maana maji yanavuja kabla ya kuhesabiwa, bili inabaki ileile na we huna habari mpaka uone nyasi za kijani sehemu moja tu mwezi wa nane. Na ukikuta linavuja tayari, hakuna cha kununua tena, zile siku 30 zitakutoa, na kuwadanganya usijaribu.

Wenye kondo, soma katiba ya umoja wa wamiliki, mara nyingi bomba ni la umoja. Mpangaji, barua ikija kwa jina lako itupe.

Mi nilichofanya: shaba, nyumba ya 1964, mti mkubwa wa mepo mita 3 kutoka bomba la maji taka. Huo mti ndo uliamua, maana mizizi inapenda maji taka kuliko maji safi, na ile ya dola 38 inalinda yote mawili. Nikachukua nyongeza, nikaweka dola 500 pembeni za didaktibo ili isije siku ikanikuta mkavu. Kama jirani yangu mzee wa miaka 80 angeniuliza, anaishi peke yake, hawezi kupigia mafundi watano kulinganisha bei, yeye ningemwambia achukue waranti alale, hata kama hesabu inasema vingine.

Ukimpigia ajenti muulize hivi, na umwambie akutumie kwa imeili: inalipa kutu na uchakavu au ajali tu? Inaishia wapi, mpaka wa kiwanja au hadi pale jukumu langu linapoishia? Kuchimba na kurudisha zege vimo ndani ya ile 10,000 au ni pembeni? Kama ni waranti uliza hayohayo na uongeze: mnaziba au mnabadilisha, na mwaka wa pili bei ni ngapi? Akianza kukuzungusha kwenye hilo la mwisho jibu umeshapata. Na yeyote atakayekuja kuchimba, iwe fundi wa waranti au wa kwako, hakikisha 811, namba ya kupiga kabla ya kuchimba, wamepigiwa simu kwanza waje wapige alama za rangi palipofukiwa mabomba na nyaya, ni bure, usije ukaokoa bomba ukakata gesi.

Kingine, koki kuu ya ndani ya nyumba yako unajua iko wapi na inageuka? Ya kwangu nilienda kuijaribu siku ileile ya sumaku, imeganda kwa kutu haisogei hata kwa spana, fundi akanichaji dola 180 kuibadilisha. Ajenti nilimuuliza kama nyongeza yangu mpya inailipia. Akacheka, akasema hiyo kaka iko ndani ya nyumba, sisi tunashughulika na vya chini ya ardhi.